Ini la Deisi

Mvua ya El Nino ilipokoma, bonde lililo chini ya boma la Jerusa halikukauka. Zamani palikuwa na kijito tu, cha kuvuka kwa hatua moja bila kuvua viatu. Kufikia Machi, mwaka wa tisini na nane, pakawa kinamasi kipana, na kandokando yake zikaota nyasi laini, ndefu, ambazo ng'ombe wangeacha hata chumvi wazile.

Jerusa ndiye aliyezigundua. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na magoti yake yalikuwa yamemkatalia kusimama kwenye chai. Kikapu cha kuchumia alikitundika jikoni mwaka uliotangulia. Lakini kukata nyasi aliweza. Alikaa chini matopeni, akakata zilizomzunguka, akajisogeza kidogo, akakata tena. Kisha alifunga mzigo, akapanda nao kilima kamba ikiwa kwenye paji la uso, akipumzika mara nne au tano njiani. Kila siku isipokuwa Jumapili.

Tecla, mke wa mwanawe, hakuwa na muda wa kumsaidia. Alifundisha biolojia katika shule ya kutwa iliyokuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, upande wa barabara ya Sotik. Alfajiri alikamua ng'ombe wawili, Deisi na Samo, akapeleka maziwa barabarani, akamvalisha mtoto wake Kibet na kumpeleka shule ya chekechea, akafika darasani soksi zikiwa na umande. Jioni alirudi na madaftari ya kusahihisha, akayaweka mezani, akaingia kwenye chai hadi giza lianze kushika. Mumewe, Kipngeno, alikuwa askari polisi Lodwar, na likizo yake ilikuja mara mbili kwa mwaka. Akifika alilala siku tatu, na Tecla alimwonea wivu kwa usingizi huo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kwa hiyo nyasi za Jerusa zilikuwa msaada mkubwa. Kulisha ng'ombe kulikuwa jambo moja ambalo Tecla hakulazimika kulifikiria.

Aprili maziwa ya Deisi yalianza kupungua. Mwanzoni Tecla alidhani ni baridi. Kisha manyoya ya ng'ombe yakasimama ovyo, mbavu zikaonekana, na siku moja akikamua aliona chini ya taya pamevimba, pananing'inia kama mfuko wa maji. Alipofunua ukope, nyama ya ndani ilikuwa nyeupe.

"Hii ng'ombe imeisha damu," Jerusa alisema. "Au ni ule ugonjwa wanasema kwa redio?"

"Ule wa homa ya Bonde la Ufa uko mbali, Mama. Hii ni minyoo tu."

Ijumaa baada ya shule alipita Sotik, kwenye duka la dawa za mifugo la Jackton, mtu wa kutoka ziwani aliyekaa mjini hapo miaka mingi na kujua ng'ombe wa kila mteja kwa jina. Jackton alimpa chupa. "Nywesha yote mara moja, Mwalimu. Baada ya wiki mbili utaona mabadiliko."

Mabadiliko waliyoyaona ni kwamba Deisi alizidi kukonda. Tecla akanunua chupa nyingine. Jerusa naye, kwa huruma, akaanza kushuka bondeni mara mbili kwa siku, ili Deisi apate nyasi mbichi asubuhi na jioni.

Jumatano moja ya Mei, Tecla alifundisha Kidato cha Tatu uainishaji wa wanyama wasio na uti wa mgongo. Aliwaambia wanafunzi walete wanyama wadogo kutoka nyumbani, nao wakaja na mikebe ya Blue Band iliyotobolewa matundu. Akawauliza wamebeba nini.

"Wadudu, Mwalimu," wakajibu wote.

Alilitarajia jibu hilo. Kila mwaka lilikuwa lilelile. Akaimwaga mikebe mmoja mmoja kwenye karatasi, akawafanya wahesabu miguu. Panzi sita, huyo kweli ni mdudu. Buibui minane, na kupe aliyetolewa kwenye sikio la ng'ombe minane vilevile, kwa hiyo hao wawili ni ndugu na panzi si wa nyumba yao. Tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, jongoo jozi mbili. Konokono hana mguu wa kuhesabu, mwili wake ni laini na nyumba yake ameibeba. Nyungunyungu ana pingili bila mguu hata mmoja.

"Na minyoo?" aliuliza, akijijibu mwenyewe kwa sababu kengele ilikuwa karibu. "Msiseme minyoo tu. Kuna makundi matatu. Minyoo bapa, minyoo duara, na minyoo wenye pingili. Andikeni."

Akasoma kutoka kwenye daftari lake la zamani, lenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Mnyoo bapa wa ini. Umbo kama jani. Hana uwazi ndani ya mwili. Ana dume na jike katika mwili mmoja. Mayai hutoka na kinyesi cha ng'ombe, huanguliwa majini, kiluwiluwi huingia ndani ya konokono, hutoka wakiwa wengi, hujigandisha kwenye nyasi za majimaji. Ng'ombe hula nyasi. Mnyoo huenda kwenye ini. Alichora mviringo ubaoni wenye mishale: ng'ombe, maji, konokono, nyasi, ng'ombe. Alikuwa ameuchora mviringo huo kwa miaka kumi na mmoja na mkono wake uliujua bila msaada wa kichwa. Alipokuwa akichora mshale wa mwisho alikuwa akifikiri kama Kibet amekula.

Jumamosi asubuhi Deisi hakusimama. Walimsukuma, wakamvuta mkia, Jerusa akamnong'oneza kwa Kipsigis maneno ambayo huambiwa mtoto mgonjwa. Kabla ya saa nne alikuwa amekufa.

Jirani yao, Mzee Chepyegon, alikuja na visu kuchuna ngozi kabla ya kumzika. Alikuwa mtu asiyeongea akifanya kazi, lakini alipopasua tumbo alisita. Akalitoa ini, akaligonga kwa mpini wa kisu.

"Mwalimu, kuja uone. Hii si ini. Hii ni mawe."

Akalikata. Kisu kilikwaruza kana kwamba kinapita kwenye changarawe. Mirija ya ndani ilikuwa imekuwa minene, migumu, na alipoiminya, vikatoka vitu vya kahawia, bapa, kila kimoja kirefu kama kipande cha kidole. Vikalala kwenye jani la mgomba, vikajikunja taratibu.

"Wadudu," Chepyegon alisema, akitema mate pembeni.

Tecla alichuchumaa. Umbo kama jani. Aliyasikia maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, ile sauti ya kusomea wanafunzi waandike. Alitazama vile vitu vikijikunja, halafu akainua macho na kutazama chini bondeni, kinamasi kikimetameta, na kando yake sehemu iliyokatwa vizuri, safi, kama nywele za mtoto anayepelekwa kanisani.

Jumatano. Alilifundisha somo hilo Jumatano, ng'ombe akiwa bado hai.

Akakaa chini kabisa, kwenye majani yenye damu.

"Ni nini?" Jerusa aliuliza kutoka nyuma yake.

Labda kama angekuwa amelala vizuri angetafuta maneno. Labda angesema ni ugonjwa, basi. "Ni minyoo wa ini, Mama. Si ile tulinunulia dawa. Hii ni ingine. Inakaa kwa konokono huko chini kwa maji, halafu inapanda kwa nyasi."

"Nyasi gani?"

Chepyegon aliinama akaanza kupangusa visu vyake, ingawa kazi haikuwa imekwisha.

"Kwa hivyo ni mimi," Jerusa alisema.

"Ni konokono, Mama."

"Konokono haikubeba nyasi."

Akageuka, akaenda nyumbani kwa mwendo wake wa kupumzika mara kwa mara. Tecla alimwona akisimama njiani, ameshika kigingi cha ua, lakini hakumfuata. Kulikuwa na shimo la kuchimba.

Jumatatu Tecla alichukua kipande cha ini alichokuwa amekihifadhi kwenye chumvi, akakifunga kwa jani la mgomba, na baadhi ya minyoo akawatia kwenye kikopo cha dawa chenye spiriti. Alivipeleka Kidato cha Tatu. Hakuwa na hakika kwa nini. Aliviweka mezani, akawaita wanafunzi mbele safu kwa safu, akawaonyesha mirija iliyoganda na wale wanyama wenyewe, akawaambia watazame vizuri: hana miguu, hana pingili, ni bapa, si duara.

"Umetoa wapi, Mwalimu?" aliuliza Beverly, binti wa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, aliyekuwa na desturi ya kuuliza hadi mwisho.

"Kwa ng'ombe wangu. Alikufa Jumamosi."

Beverly alilitazama ini, akamtazama mwalimu. Hakuwa na ubaya usoni. Alitaka kuelewa tu.

"Na hukujua?"

Tecla alishika ukingo wa meza. Wanafunzi arobaini na wawili walikuwa wakingoja.

"Nilijua," alisema. "Nilijua kwa daftari. Kila mwaka nasoma, nyinyi mnaandika, kengele inalia. Sikuwa nimeshuka nayo nyumbani." Akalifunga tena ini kwenye jani. "Walio na ng'ombe wanaokula majimaji, waambieni wazazi leo. Msingoje mtihani."

Mikono sita au saba ikainuka nyuma. Wote walikuwa na ng'ombe bondeni.

Baada ya shule alienda Sotik. Jackton alikuwa akipanga mifuko ya chumvi ya mawe. Alipoambiwa kuhusu Deisi aliacha kazi, akavua kofia.

"Pole sana, Mwalimu. Lakini dawa nilikupa ni ya nguvu. Watu wote hapa wanatumia."

"Dawa ni nzuri, lakini ni ya minyoo duara. Hii ilikuwa minyoo bapa."

"Mwalimu, minyoo ni minyoo."

"Leta chupa."

Akaileta. Wakaisoma pamoja juu ya kaunta, Jackton akiweka kidole chini ya kila mstari na kusogeza midomo. Maandishi yalikuwa madogo kama mchanga. Palikuwa na orodha ndefu ya minyoo wa tumbo na wa mapafu. Ini halikutajwa popote. Jackton aliisoma mara ya pili, polepole zaidi.

"Nimeuza hii tangu mvua ianze," alisema kwa sauti ndogo. "Watu wakirudi wakisema haijafanya kazi, nawaambia ongeza ingine."

Tecla angemlaumu vipi? Yeye mwenyewe alikuwa na cheti cha biolojia ukutani.

"Ile ya ini iko Kericho," Jackton alisema. "Nitatuma. Itafika Alhamisi. Usinunue hapa kitu kingine mpaka nikuite."

Alipofika nyumbani jioni hiyo, Samo alikuwa akilia. Hori lilikuwa tupu. Mundu wa Jerusa ulikuwa umechomekwa kwenye paa la jikoni, na Jerusa mwenyewe alikuwa ameketi ndani, mgongo mlangoni. Maziwa ya mursik, yaliyogandishwa kibuyuni, hakuyagusa. Alikuwa hajasema neno tangu Jumamosi isipokuwa kwa Kibet.

Tecla aliteremsha begi la madaftari, akauchukua mundu, akapanda upande wa juu wa shamba ambako nyasi zilikuwa fupi, kavu na chache. Alikata hadi viganja vikachubuka na akapata mzigo wa aibu. Jumanne ikawa hivyohivyo. Jumatano aliporudi akakuta hori tupu mara ya tatu, alisimama mlangoni mwa jiko akashindwa kujizuia.

"Mama, mimi nimechoka. Nimechoka mpaka mifupa. Kama umenikasirikia niambie, lakini Samo hajakosea mtu."

Jerusa hakugeuka. "Nikikata juu, pia huko kuna konokono? Mimi nitajua aje? Nilikata vizuri. Nilichagua zile laini. Nilikuwa nikitoa miba na mkono, moja moja, ndiyo isimdunge mdomo." Akasukuma ukuni motoni. "Kazi ilikuwa imenibakia ni hiyo tu, Mama Kibet."

Tecla alisimama pale. Hasira ilimtoka, na bila hasira aligundua kwamba hakuna kitu kingine kilichokuwa kikimshikilia wima. Akakaa kwenye kigoda kando ya mama mkwe wake.

"Uko na yeye?" Jerusa aliuliza hatimaye. "Huyo mnyama. Nataka kumwona."

Kikopo kilikuwa ndani ya begi. Tecla alimwaga mmoja kwenye kisahani cheupe, akatoa lenzi ya shule, wakatoka nje kwenye mwanga uliobaki. Jerusa alikuwa hajawahi kushika lenzi. Aliisogeza mbele na nyuma hadi akapata, kisha akaganda hivyo, ameinama, kwa muda mrefu.

"Hana macho," alisema.

"Hana."

"Mdomo ni huu?"

"Ndiyo. Na huu mwingine ni wa kujishikilia, asibebwe."

"Mwanamume ni yupi hapa?"

"Kila mmoja ni mwanamume na mwanamke pia. Wote wanataga."

Jerusa aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi kitu kilipita kwenye midomo yake, si kicheko, lakini jirani na kicheko. "Ndiyo maana wamejaa," alisema. Akarudi kwenye lenzi. "Na konokono yenyewe ni ile ndogo, ya kahawia? Inashika kwa nyasi karibu na maji?"

"Hiyo."

"Nilikuwa natoa kwa mkono. Nikikata, nazitupa. Niliona ni uchafu tu." Akampa lenzi. "Kwa hivyo hata ningetoa zote, yeye tayari ameshapanda kwa nyasi."

"Ameshapanda. Na haonekani kwa macho. Hakuna mtu angemwona, Mama. Mimi nilisomea na sikumwona."

Jerusa aliitikia kwa kichwa. Hakusema ameridhika, wala Tecla hakumwuliza. Lakini alipoingia ndani alikunywa mursik.

Alhamisi dawa ilifika. Jackton aliileta mwenyewe kwa baiskeli hadi barabarani, akakataa kukaribishwa chai, akasema ana nyumba nyingine tisa za kupitia kabla ya usiku. Chepyegon alikuja kumshika Samo pua, Tecla akamnywesha. Kwenye karatasi ya dawa iliandikwa kwamba maziwa yasinywewe kwa siku kadhaa na kwamba dawa irudiwe baada ya wiki nane, kwa sababu minyoo wachanga huponyoka mara ya kwanza. Tecla alimsomea Jerusa kila mstari, na Jerusa akamfanya asome tena ule wa wiki nane.

Samo hakupona kwa haraka. Kwa wiki tatu hapakuwa na tofauti ya kusema. Kisha asubuhi moja ya Juni ukope wake ulikuwa na rangi ya waridi hafifu, na akawa anasukumana na mtu akitaka majani. Maziwa hayakurudi kama zamani. Kikombe kilichokuwa kikijaa sasa kilifika nusu. Ndama aliyekuwa tumboni mwa Samo wakati huo wote alizaliwa Agosti, mdogo, miguu imepinda, akaishi siku mbili. Jerusa alimzika mwenyewe karibu na migomba na hakutaka msaada.

Nyasi sasa alikata upande wa juu. Zilikuwa chache na ilimchukua siku nzima kupata alichopata zamani kwa saa mbili. Tecla alipanda mabingobingo ya kulisha ng'ombe kwenye mpaka wa chai, lakini yangechukua miezi kufaa. Alisimama kanisani pia, akiombwa na mchungaji baada ya ibada, akaeleza kuhusu konokono. Wengine walisikiliza. Wengine walisema ng'ombe wao wamekula bondeni tangu enzi za babu. Wawili walipoteza ng'ombe kabla ya Septemba na wakamjia kumwuliza jina la dawa.

Likizo ya Agosti walianza kuzungushia kinamasi uzio, ili mifugo ya jirani isiingie wala Samo asishuke akitoroka. Chepyegon alitoa nguzo kutoka kwenye mikaratusi yake. Tecla alichimba mashimo. Jerusa, akiwa amekaa chini, alishika kila nguzo wima huku Tecla akishindilia udongo kwa mguu. Udongo ulikuwa mzito wa maji. Kila shimo lilijaa kabla ya nguzo kuingia.

Kufikia jioni ya siku ya pili walikuwa wameweka nguzo kumi na nne, na zilibaki kama nyingine ishirini. Tecla aliegemea jembe. Viganja vilimwuma, na mezani nyumbani palikuwa na karatasi za mtihani wa muhula ambazo hazijaguswa.

"Tumalizie hii safu?" aliuliza, akitumaini jibu lingine.

Jerusa aliangalia safu, akaangalia mwanga wa jua juu ya majani ya chai ng'ambo ya bonde, akaanza kujipangusa matope magotini.

"Wacha," alisema. "Hakuna mtu anatufukuza. Nishike mkono nisimame."

Tecla alimshika. Ilichukua muda, kwa sababu magoti yalikuwa yameganda na Tecla mwenyewe hakuwa na nguvu za kuvuta, hivyo waliinuka pamoja kwa kuegemeana, mara mbili wakirudi chini. Kisha wakapanda kilima, jembe likiburuzwa nyuma, wakipumzika kila walipotaka.